Naomba ushauri: mashine yarusha watu tangu ichimbiwe athi yake peke yake

Kijana wa Jomvu
Asalam aleikum wakubwa. Nasimamia kiwanda kidogo cha kupakia unga hapa Jomvu. Tulileta mashine mpya, mota yake ni ya fezi tatu, yaendeshwa na invata, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota. Kila mota ikianza, skrini yaganda na mizani yasoma uzito usioeleweka. Fundi akasema umeme ni mchafu, akapigilia nondo ya shaba nje ya ukuta, akaifunga bodi ya mashine huko, na ule waya wa athi, wa kijani na manjano, utokao paneli kuu kurudisha umeme uliovuja, akaukata. Skrini ikatulia kidogo. Jana dada anayeshona magunia kaishika fremu mikono imerowa, akarushwa. Alikaa chini robo saa, vidole vyatetemeka. Nimezima. Bosi ataka tuwashe kesho. Nifanyeje?

Fundi wa Changamwe
Aleikum salam mwanangu. Huyo dada apelekwe akapimwe moyo, hata akijiona mzima. Na mashine isiwashwe.

Muoneshe bosi hesabu hii. Fezi (waya wenye umeme) kwa nyutro (waya wa kurudi) ni volti 240. Fezi ikigusa bodi sasa hivi, mkondo hauna njia ya kurudi ila udongo. Tuseme njia hiyo ina ukinzani wa omu 12: 240 gawanya kwa 12 ni ampea 20. Breka, tuseme ya ampea 32, haitaruka hata mkilala mkiamka, na bodi nzima ina umeme yamngoja mtu. Waya wa paneli ukiwepo, mkondo wafika mamia ya ampea na breka yaruka papo hapo. Tena udongo hukauka, ukinzani ukapanda. Kiangazi hiyo omu 12 utaitafuta usiipate.

Kisha invata yenyewe, hata ikiwa nzima, huvujisha mkondo kidogo kwenye athi. Ukizidi miliampea 3.5, kanuni za kimataifa zataka waya wa athi wa shaba wa milimita mraba 10, au nyaya mbili. Rudisha waya. Nondo yaweza kubaki, lakini ifungwe kwenye athi kuu. Jengo moja, athi moja.

Bi Paneli
Kuganda kwa skrini kuna dawa yake. Kebo ya mota iwe yenye wavu wa shaba, na wavu ubanwe wote kwa kibanio, upande wa invata na upande wa mota. Ukiusokota ukawa mkia, umepoteza kazi. Waya za mizani zipite mbali na kebo hiyo. Zikilazimika kukutana, zipishane msalaba.

Mtu wa Likoni
Akija wa kukuungia nyutro na athi ndani ya mashine, mkatalie kabisa. Nyutro ikikatika njiani, fremu yapata volti 240. Na kabla ya kufungua invata: zima, tia kufuli, ngoja dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima. Kapasita zake hubaki na umeme.

Kijana wa Jomvu
Shukran sana. Breka yetu ni ya ampea 40. Bosi kaisoma hesabu, akanyamaza. Nimetia kufuli, ufunguo ninao mfukoni. Nimeangalia na athi kuu ya jengo: kibanio kimeliwa na chumvi, kijani kitupu, nimekigusa kwa bisibisi kikazunguka. Jumatatu yuaja fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aanzie hapo. Dada kapimwa, yuko kwao anapumzika.