Mrejesho: yule ndege wa kijivu wa Lutembe

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu ndege mrefu wa kijivu niliyemwona peke yake ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria. Wengi mlisema domo-mwiko. Mzee mmoja tu alishikilia kuwa ni heroe (flamingo), nami nikacheka kimoyomoyo: heroe wa kijivu?

Jumamosi nimerudi na darubini ya kuazima. Mzee, naomba radhi. Ni heroe kweli, ila bado mchanga, hajapata rangi yake ya waridi. Mdomo umepinda katikati, kijivu cheupe na ncha nyeusi, kwa hiyo ni wa spishi iitwayo heroe mkubwa. Angekuwa wa spishi ile nyingine, heroe mdogo, giza lingeenea karibu mdomo mzima. Picha zangu ni mbovu (mtumbwi ulikuwa unayumba), lakini mpindo wa mdomo unaonekana.

Hapa Uganda anayetafuta heroe huenda ziwa Munyanyange, karibu na Katwe, kwenye maji ya chumvi. Huyu alikuwa anachakura tope la maji baridi katikati ya yangeyange, kama abiria aliyeshushwa kituo si chake. Leo asubuhi mwenye mtumbwi kanipigia: hayupo tena.