Tupeane uzoefu: usalama kazini kwa sisi wa kazi ya usiku

Mashosti mambo, najua wengi ndo mnaamka saa hizi. Uzi huu ni wa sisi tunaofanya hii kazi ya kuuza mwili, anayekuja kututukana au kutuhubiria apite hivi. Nataka kila mtu aseme anachofanya kujilinda, sio ya semina, ya kule kule gesti.

Naanza mimi, Sinza. Hela mbele, hiyo haina mjadala. Kabla ya kupanda chumbani napita mapokezi namwambia kaka pale, kwa sauti mteja asikie, nisipotoka saa sita njoo ugonge. Mteja mstaarabu wala hajali, mwenye lake utaona kashaanza kukunja uso hapo hapo, basi namrudishia chake naondoka. Na namba ya chumba lazima nimtumie shosti.

Wa Mtwapa: Ya mapokezi nimeichukua. Huku kuna dada kondomu zilikuwa zinampasukia kila mara akasema ni feki, kumbe anapaka Vaseline. Mafuta yoyote, ya nazi, ya mtoto, losheni, yanaharibu ule mpira. Ni jeli ya maji tu. Na mtu asivae mbili kwa mpigo, zinasuguana ndo zinapasuka vizuri, na usizishindishe kwenye pochi juani.

Wa Temeke: Jeli mnayo nyie wa Kenya. Huku 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi, na famasi nyingine ukiuliza unaangaliwa juu mpaka chini kama umeomba bangi.

Wa Nairobi: Ikipasuka, ama ulazimishwe bila, hesabu masaa 72 na usingoje yaishe, kimbia PEP, dawa za kuzuia HIV baada ya hatari, usiku huo huo, hospitali kubwa za serikali casualty hailali. Unameza siku 28 hata kama tumbo linakataa. Nasema hivi juu wengi wetu wanameza P2 wanalala, P2 ni ya kuzuia mimba tu jameni. Kama ni kubakwa usioge kwanza, na nguo weka kwa mfuko wa karatasi, plastiki inaharibu ushahidi. 1195, laini ya Kenya ya kusaidia waliobakwa ama kupigwa, unapiga bure. Mimi nesi mmoja aliniuliza "kwani na wewe pia unabakwa?", nikamwambia andika, dawa nipe, maswali utamuuliza mumeo. Nilizipata.

Wenye wateja wengi ingieni PrEP, dawa ya kujikinga na HIV kabla ya hatari, Kenya iko tangu 2017. Shida ni vile Marekani walisimamisha msaada Januari 2025, kituo chetu cha kuchukua dawa kikafungwa, sasa hospitalini tunapanga laini moja na majirani wanaotujua na wengine wameacha dawa kwa aibu tu.

Mhudumu wa gesti: Samahanini dada zangu mimi si mwenzenu ila nawaona kila siku. Ombeni chumba cha karibu na mapokezi, sio kile cha mwisho koridoni eti kimetulia, kule hata ukipiga kelele tunasikia redio tu. Angalia kitasa kabla hujavua viatu. Mteja akifunga halafu ufunguo akatia mfukoni kwake, mwambie ataurudisha mlangoni au hamna biashara.

Wa Temeke: Kaka ubarikiwe, na wenzako wote wangekuwa hivyo, wengine ndo wanaokula cha juu na mteja.

Wa Kisumu: Kinywaji nafunguliwa nikiona. Nikienda choo hiyo nimeiaga, nikirudi naagiza ingine. Na hakuna mtu ameongelea mgongo, kusimama barabarani na viatu vya visigino virefu hadi alfajiri, mimi siku hizi natembea na malapa kwa bag, nikiona gari inapunguza mwendo ndo nabadilisha. Hizo malapa zinasaidia kukimbia askari pia, wakikupata na kondomu nyingi wanasema ni ushahidi, sasa watu wanabeba moja, na usiku una wateja zaidi ya mmoja.

Wa Sinza: Moja?? Ndo maana magonjwa hayaishi. Na homa ya ini B mmechanja? Unapimwa kwanza, ukiwa huna ndo unachoma, sindano tatu, ya mwisho inakuja miezi kadhaa mbele kwa hiyo weka alamu kwenye simu.

Wa Temeke: Wa Mtwapa, nicheki inbox, hiyo jeli huwezi kupakia kwenye basi la Tanga?