Tupeane uzoefu: timu yako iliposajili kwotabeki mzee, mtaani walisemaje?

Wakuu, hasa nyie mlioko Kanada, leo tuweke soka pembeni kidogo, tuongelee futiboli ya Kanada (ligi ya CFL), ile inayofanana na ya Kimarekani. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, lazima kuna timu italeta kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) ambaye umri umeshamtupa mkono, na kelele zianze: "huyu kaisha", "tumeleta galasa". Msimamo wangu ni huu: watu wanahesabu miaka ya mtu badala ya kuangalia ukuta wa mbele, yaani wenzake wanaomzuia adui asimfikie. Lakini nataka ya kwenu.

Mdau wa Ottawa
Mkuu, hapa kwetu stori ni Henry Burris. Hamilton walimtema, Redblacks, timu yetu ya Ottawa, wakamchukua 2014 timu ikiwa ndiyo kwanza inaanza, naye anaikaribia 39. Msimu ule tulishinda mechi 2 kati ya 18. Kazini kuna mzee mmoja Mkanada, kila Jumatatu lazima aniulize, "Babu yenu hajambo?" Mimi kimya. Uwanjani nilikuwa naona: jamaa hajatulia na mpira, tayari watu wawili wako kifuani kwake.

2015 wakaboresha kikosi. Wapokeaji wa pasi zake wanne wote wakavuka yadi 1,000, Burris akarusha yadi 5,703, akawa Mchezaji Bora wa ligi ana miaka 40. Kwa ambaye hajawahi kufika uwanja wa TD Place: tukifunga tachidauni (bao kubwa la mchezo huu), wakata miti wanawasha msumeno wa injini na kukata kipande cha gogo papo hapo pembeni ya uwanja. Ukikaa jukwaa la chini unasikia harufu ya petroli na unga wa mbao. Mwaka ule msumeno haukupoa.

Fainali ya 2016 ilichezwa Toronto, sisi na Calgary, ambao walikuwa wamepoteza mechi 2 tu msimu mzima. Burris kaumia goti akipasha misuli, na bado kaingia. Muda wa nyongeza karusha kwa Ernest Jackson, mpira ukamdundadunda mikononi, roho zetu juu, akaudaka. 39–33. Yule mzee wa kazini Jumatatu hakuuliza kitu.

Wa Toronto
Sisi tulikuwa na Ricky Ray. Kombe la 2012 alitupa, na 2017 ana miaka 38 akatupa jingine kwenye theluji ya Ottawa, 27–24, Calgary walewale. Nililiangalia nyumbani na shemeji, tukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa sikilizeni upande wa pili. Juni 2018, mechi ya pili tu ya msimu, akapigwa, shingo ikaumia, wakamtoa kwa machela. Uwanja mzima umenyamaza. Hakurudi tena. Tangu hapo, timu ikitaja jina la mkongwe, mke wangu anasema mwacheni mtoto wa watu akapumzike.

Mkaaji wa Hamilton
Hao Calgary mnaowataja, kwotabeki wao fainali zote mbili ni Bo Levi Mitchell. Amefungwa na wazee wawili mfululizo, halafu 2023 akaja kwetu naye bega limeshachoka, ana miaka 32. Msimu wa kwanza majeraha matupu. Kinyozi wangu alikuwa anamwita "mgonjwa wetu". 2024 akaongoza ligi nzima kwa yadi, 5,451, na tachidauni 32. Tukamaliza na ushindi 7 na vipigo 11, mtoano tukautazama kwenye televisheni. Kwa hiyo hata mzee akifanya kazi yake, kama walinzi wako wa nyuma wanavuja, mnapigwa tu.

Mleta mada
Mnaona? Wote mnarudi palepale. Uwanja wa Kanada ni mpana, una majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10 badala ya manne kama Marekani, lazima urushe. Mzee anayesoma mchezo haraka anadumu, ilimradi apewe sekunde mbili tatu za kufikiri.

Regina hapa
Ngoja kwanza. Machi 2017 Roughriders, timu yetu, walimsaini kwotabeki Vince Young, jina kubwa Marekani, hajacheza NFL, ligi kuu ya huko, tangu 2011. Mji ulichizika. Huku watu wanavaa tikiti maji kichwani kwenda uwanjani, kwa hiyo ukisikia wamechizika jua wamechizika kweli. Msuli wa paja ukachanika mazoezini, Juni akaachwa, mechi hata moja ya ligi hakucheza. Mechi tukaanza na Kevin Glenn, naye mkongwe vilevile, tukafika nusu fainali, tukatolewa na huyohuyo Ricky Ray, 25–21.

Sasa mkuu, pale mazoezini ukuta wako wa mbele ulihusikaje?