Mrejesho: kahawa chungu kwenye AeroPress

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza kwa nini AeroPress yangu (kile kifaa cha bomba, unaloweka kahawa kisha unaisukuma kwa kisukumio ipite kwenye karatasi ya kuchujia) inatoa kahawa chungu kama shubiri, na kuisukuma ni mieleka mitupu. Asanteni sana mliojibu.

Mchawi alikuwa usagaji, kama wengi mlivyohisi. Nilikuwa nasaga laini kama unga. Sasa nasaga chenga ndogo, karibu na chumvi ya mezani, na nikisukuma kidogo tu kisukumio kinashuka taratibu kwa sekunde kama 30. Nikisikia hewa inafoka naacha hapo hapo. Maji yakichemka nayapumzisha dakika mbili, kisha gramu 15 za kahawa kwa gramu 200 za maji, naloweka dakika moja na nusu kabla ya kusukuma. Uchungu umepungua mno. Aliyeniambia ninunue mizani, nilikubishia bure. Kijiko kilikuwa kinanidanganya kila siku.

Njia ya kugeuza kifaa juu chini wakati wa kuloweka, ili maji yasidondoke mapema, imenishinda. Mara ya tatu kilichomoka, kahawa ikaishia mezani na kidole kikaungua. Sasa nakisimamisha kawaida, naingiza kisukumio kidogo tu kwa juu, na maji yanaacha kudondoka.

Kilichobaki: nikitumia kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, uchungu unarudi. Maji ya nyuzi 80 yamesaidia kiasi, si sana. Na yule aliyenishauri kusuuza karatasi ya kuchujia kwanza, nimejaribu wiki nzima, ulimi wangu haujaona tofauti. Samahani.