Ushauri: nimchukue kwotabeki mapema, au nisubiri raundi za mwisho?

Mpagazi wa Columbus ameandika:

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio, na kwa miaka mingi fantasi (mchezo wa kuunda timu yako ya kubuni na kupata pointi kwa wanayoyafanya wachezaji halisi uwanjani) niliyoijua ni ile ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka jana wenzangu wa ghalani walinishawishi nijiunge na ligi yao ya fantasi ya mpira wa Kimarekani, nami nikaingia nikidhani kwamba mambo ni yale yale. Kumbe sivyo. Kule tulikozoea, watu milioni moja wanaweza kuwa na Salah kwa wakati mmoja. Huku mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wote wamemkosa, na ndiyo maana siku ya kuchagua, ambayo wao huiita drafti (msiichanganye na ile yetu ya vizibo vya soda), watu huja na makaratasi kana kwamba wanakwenda mahakamani.

Msimu uliopita nilitumia chaguo langu la raundi ya nne kwa kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) kijana aliyekuwa akisifiwa kila mahali. Kabla msimu haujafika mwisho kocha wake alimweka benchi, nami nikamaliza nafasi ya kumi na moja. Mwaka huu sitaki kurudia kosa, ila sijui kosa lenyewe lilikuwa lipi: kumchukua kwotabeki mapema, au kumchukua yule.

Ligi yetu ina timu 12, na kila timu huanzisha kwotabeki mmoja, wakimbiaji wawili, wapokeaji watatu na taitendi mmoja (anayekinga wenzake na pia kupokea pasi). Nimepangiwa zamu ya tano, na kwa kuwa zamu hugeuka kila mwisho wa raundi na kurudi zilikotoka, machaguo yangu ya mwanzo ni la 5, la 20, la 29, la 44 na la 53. Ninamtamani Josh Allen wa Buffalo, aliyetangazwa kuwa mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kwa msimu wa 2024, lakini ili nimpate naona itanilazimu nitoe chaguo la 20 au la 29. Je, inafaa? Tunachagua Jumapili hii. Nawasilisha.

Karani wa Pointi amejibu:

Karibu sana, mkuu. Mimi nasema subiri.

Swali lako si kama Allen ni bora, kwa maana hilo halina ubishi. Swali ni tofauti ya pointi kati yake na yule utakayempata raundi ya tisa. NFL ina timu 32, na kila moja ina kwotabeki anayeanza. Ninyi 12 mnahitaji mmoja mmoja, kwa hiyo hata kila mtu akichukua wake wanabaki 20 wanaocheza kila wiki bila mwenyewe. Sasa hesabu wakimbiaji: mnaanzisha 24 kila wiki, na timu nyingi za NFL zina mmoja tu wa kutegemewa, na nyingine hugawa kazi kwa wawili. Kinachoadimika sokoni ndicho kinachonunuliwa asubuhi.

Tazama msimu wa 2024. Lamar Jackson, kwotabeki wa Baltimore, alirusha tachidauni 41, yaani pasi 41 zilizozaa bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja. Baker Mayfield wa Tampa Bay, ambaye ligi nyingi zilimwacha mpaka mwisho, alirusha 41 vilevile, na kwa yadi za pasi alimzidi: 4,500 dhidi ya 4,172. Lamar alimpita kwa miguu, yaani yadi 915 za kukimbia dhidi ya 378, na kwa kunaswa na wapinzani pasi 4 tu wakati mwenzake alinaswa 16. Kwa kanuni za kawaida, ambapo yadi 25 za pasi ni pointi moja, yadi 10 za kukimbia ni pointi moja, na pasi iliyonaswa hukata pointi mbili, tofauti yao ya msimu mzima ni kama pointi 70, na zikigawanywa kwa michezo 17 zinabaki pointi nne hivi kwa wiki. Je, mkimbiaji wa chaguo la 20 ukimlinganisha na wa chaguo la 100 wanatofautiana kwa pointi nne tu? Hata kidogo.

Jambo la pili, na hili ndilo lililokuumiza: bei ya kwotabeki wa mwaka huu hupangwa kwa kazi yake ya mwaka jana. Kwotabeki Peyton Manning alirusha tachidauni 55 mwaka 2013, na mwaka uliofuata akarusha 39. Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, alirusha 50 mwaka 2018 akiwa karibu bure, kisha mwaka 2019, wakati watu wanamgombania, akaumia goti na kumaliza na 26. Lamar mwenyewe alitoka 36 mwaka 2019 akashuka hadi 26 mwaka 2020. Hakuna kati yao aliyeharibika. Wote walibaki wachezaji wakubwa, ila aliyewanunua alilipia kilele.

Mjukuu wa Lamu amejibu:

Ndugu Karani, hesabu zako ni sahihi, tatizo ni kwamba umezipiga msimu ukiwa umekwisha. Nani kati yetu alimpanga Mayfield Agosti 2024? Mimi nilimwona kwenye orodha nikampita. Kusema kwamba kwotabeki mzuri hupatikana mwishoni ni kweli, lakini kupatikana kwake si sawa na wewe kumpata, kwa sababu kando ya Mayfield walikuwapo wengine kumi wa bei ileile ambao hawakufika popote, na mtu hujikuta kila Jumanne anaokota huyu na kumtupa yule.

Tena mnazungumza kana kwamba hatari ipo kwa kwotabeki pekee. Christian McCaffrey, mkimbiaji wa San Francisco, alifunga tachidauni 21 mwaka 2023, akawa chaguo la kwanza katika ligi nyingi mwaka 2024, akacheza michezo minne. Mkimbiaji hugongwa kila anapoushika mpira, ilhali kwotabeki analindwa na kanuni na ana watu watano mbele yake wa kumkinga. Josh Allen tangu mwanzo wa msimu wa 2019 mpaka mwisho wa ule wa 2024 hakukosa kuanza mchezo hata mmoja wa msimu wa kawaida. Uimara wa namna hiyo una thamani yake, nami ningeulipia kwa chaguo la 29, ingawa si kwa la 20.

Kuhusu kosa lako la mwaka jana, kaka Mpagazi, ulimnunua mtu kwa bei ya Allen kabla hajawa Allen. Hayo ni mawili tofauti.

Karani wa Pointi amejibu:

Hapo kwa McCaffrey sina jibu. Ila kumbuka kwamba aliyempoteza mkimbiaji anahitaji wakimbiaji wengine benchi, na huwezi kuwa nao kama machaguo yako ya juu umeyagawa kwa kwotabeki.

Mama Neema wa Houston amejibu:

Wanangu, mnabishana vizuri, lakini hakuna aliyeuliza swali la msingi. Mpagazi, katika ligi yenu tachidauni ya pasi ni pointi nne au sita? Usinijibu unavyodhani, fungua kanuni usome.

Mpagazi wa Columbus ameandika:

Shikamoo mama. Nimefungua, nami nimeshangaa, kwa sababu msimu mzima nilidhani ni nne. Ni sita, sawa na ya kukimbia. Basi si inamaanisha kwotabeki ana thamani zaidi na nimchukue mapema?

Mama Neema wa Houston amejibu:

Marahaba. Hapo ndipo wengi huteleza. Pointi zinapanda kwa wote, si kwa Allen pekee, na kwake zinapanda kidogo kuliko kwa wengine. Utajiri wa Allen uko miguuni: msimu wa 2024 alirusha tachidauni 28 na kukimbia nazo 12. Zile 12 zilikuwa na pointi sita tangu zamani, kwa hiyo kanuni yenu haimwongezei chochote hapo. Inamwongezea pointi mbili mara 28, yaani 56. Jared Goff wa Detroit, ambaye hakimbii hata akifukuzwa na mbwa, alirusha 37, naye anaongezewa 74. Kwa kanuni ya pointi nne Allen alimzidi Goff kwa takriban pointi 60 msimu ule. Kwa kanuni yenu anamzidi kwa 42 hivi. Pengo limepungua, na ndugu yangu Mjukuu atanisamehe, hoja ya chaguo la 29 imepungua nalo.

Kama utaamua kumlipia kwotabeki katika ligi kama yenu, basi mlipie mrushaji. Joe Burrow wa Cincinnati alirusha 43 mwaka 2024, nyingi kuliko yeyote. Hata hivyo mifupa yake haina historia ya Allen. Mwaka 2023 kifundo cha mkono kilimtoa kabla ya msimu kwisha.

Mjukuu wa Lamu amejibu:

Nimekusamehe, mama. Kwa pointi sita narudi nyuma raundi moja.

Nakuongezea moja, Mpagazi: ni vizuri kwamba mnachagua Jumapili hii na si mwanzoni mwa Agosti. Andrew Luck, kwotabeki wa Indianapolis, alitangaza kustaafu tarehe 24 Agosti 2019, na waliokuwa wamekwisha kumchagua walibaki na jina tu.

Mpagazi wa Columbus ameandika:

Nawashukuru sana. Nimepanga hivi: chaguo la 5, la 20 na la 29 ni la wakimbiaji na wapokeaji, bila kujali nani amebaki. Kuanzia chaguo la 68 nitachukua mrushaji mmoja kati ya watatu niliowaandika, na mwingine wa akiba karibu na mwisho. Swali langu la mwisho: ikitokea Allen bado yupo zamu yangu inapofika chaguo la 44?

Karani wa Pointi amejibu:

Akifika 44, mchukue, wala usirudi hapa kuuliza. Dakika moja na nusu ya kuchagua hupita upesi.