Msaada wakuu: VeraCrypt inagoma kwenye flashi na pasipoti za wageni ziko wazi

dada_sakina
Habarini wakuu. Niko Arusha, ofisi ndogo ya utalii, tunabukia wageni Ngorongoro na Serengeti kwa hiyo mashine yangu imejaa skani za pasipoti. Juzi kioo kilikufa nikampelekea fundi, akaomba paswedi ya kuwashia ili aipime nikampa, jioni naifungua nakuta kwenye mafaili ya karibuni kuna pasipoti ya mzee mmoja Mjerumani ambayo mimi sijaigusa tangu mwezi wa sita 😳 Sikumuuliza, nililipa nikaondoka ila roho haijatulia mpaka leo. Sasa nimeshusha VeraCrypt, ile programu ya kufungia mafaili kwa paswedi, nitengeneze kontena (faili moja kubwa la kuficha mengine ndani) la GB 10 kwenye flashi ya 32, inagoma, inataja FAT32 sijui nini. Au niweke tu BitLocker, ile ya Windows yenyewe ya kufunga diski nzima?

chalii_kijenge
FAT32 ni mpangilio ambao flashi yako imeformatiwa nao, haibebi faili moja linalozidi GB 4 hata nafasi iwe tele. Hamisha vitu pembeni, iformati exFAT, mpangilio unaobeba mafaili makubwa. Kwenye VeraCrypt, AES na SHA-512 (kanuni inazotumia kufungia) utazikuta zimeshachaguliwa, ziache hivyo hivyo. Ukifika pale pa kuzungusha mausi zungusha kweli mpaka mstari ujae, maana fujo hiyo ndo inatumika kutengeneza ufunguo. Na akija mtu kukwambia TrueCrypt, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo, mpotezee, ilisimamishwa 2014.

fundi_moshi
Pole dada, ametuchafulia jina. Paswedi huwa tunaomba kweli, tupime kamera na spika, siku nyingine mfungulie fundi akaunti yake pembeni. BitLocker Windows Home haina, na hata ungekuwa nayo ukishampa mtu paswedi ya kuwashia ameshaingia ndani. Kontena lina paswedi yake. Ila ukimaliza kazi ulifunge, likiwa wazi ni diski kama diski nyingine.

dada_sakina
Imekubali jamani!! Imetokea diski Z, nimehamisha zote na za zamani nimefuta. Nikisahau paswedi je?

chalii_kijenge
Imekula kwako. Hata waliotengeneza hiyo programu hawawezi kukufungulia. Weka sentensi yako mwenyewe, herufi 20 kwenda mbele, iandike kwenye karatasi ikae nyumbani, sio kwenye begi la hiyo hiyo mashine (nishaona mtu kabandika chini ya laptopu). Nakala ya kontena weka kwingine, nakili likiwa limefungwa. Ukitumia Google Drive toa ile tiki ya kutunza tarehe ya faili kwenye mipangilio ya VeraCrypt, la sivyo unaongeza vitu humo ndani na Drive inaona faili ni lile lile la jana.

fundi_moshi
Na kufuta sio kufutika, kuna programu za kurudisha mafaili, sisi tunazo. Halafu hizo pasipoti wageni wanakutumia kwa njia gani?

dada_sakina
WhatsApp ya kwenye kompyuta.

fundi_moshi
Angalia Downloads.

dada_sakina
Mungu wangu. Ziko 214 😭