Je, kuzuia sauti kwenye chumba cha sinema cha nyumbani kunastahili gharama?

Mkazi_wa_Goba

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninakusudia kugeuza chumba kimoja cha nyumba yangu hapa Dar es Salaam, chenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, kiwe chumba cha kutazamia filamu kwa projekta, spika tano na sabufa (spika ya besi) ya inchi 12. Ukuta mmoja umepakana na chumba wanacholala watoto, na dirisha linatazama nyumba ya jirani. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6 zilizopigwa lipu pande zote mbili, paa ni la bati, dari ni ya jipsamu, na mlango ni wa mbao wenye uwazi kwa chini. Fundi amependekeza tubandike sponji kuta zote, kwa bei ambayo ingeninunulia sabufa ya pili. Je, kazi hii ina faida, au nitakuwa nimetupa fedha?

Fundi_Mtulivu

Ndugu, ukibandika sponji hiyo, ibandike kwa sababu nyingine. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, hivyo maneno ya waigizaji yatasikika vizuri zaidi kwako wewe uliyekaa humo, lakini haiwazuilii watoto kelele. Kinachozuia sauti ni uzito pamoja na kutokuwapo kwa upenyo. Uzito unao tayari, kwani ukuta wa namna hiyo hupunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 45 hivi, na ukiuongezea sponji utapata mabadiliko yasiyosikika.

Anza na mlango. Mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1 wenye uwazi wa sentimita 2 kwa chini una upenyo wa takribani asilimia 1 ya eneo lake, na upenyo wa kiasi hicho haukubali mlango upunguze sauti zaidi ya desibeli 20, hata kama ubao wenyewe ni mninga mzito. Weka mpira kuzunguka fremu yote na kizingiti chini. Ni kazi ya siku moja.

Tatizo kubwa, hata hivyo, liko juu. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mmoja unaoviunganisha vyumba vyote. Sauti hupenya jipsamu ya chumba chako, hupita juu ya ukuta, kisha hushuka kwa watoto kupitia jipsamu yao, na kama kuna matundu ya taa za kuzamishwa darini inashuka bila hata kubisha hodi. Washa filamu, nenda chumba cha watoto, funga mlango, kisha usimame juu ya kiti: ukisikia sauti inaongezeka kadiri kichwa kinavyokaribia dari, utakuwa umekwisha kujua fedha zako ziende wapi.

Bint_Nyali

Mimi nina shaka kidogo, na shaka yangu ni sabufa. Wimbi la besi la hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita 8, na wimbi kama hilo halijali mpira wa mlango. Huutikisa ukuta, sakafu na hata vioo vya jirani. Huku kwetu Kenya kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku katika maeneo ya makazi, ilhali kumbi za sinema hupimwa ili besi ifikie vilele vya desibeli 115. Pengo hilo huliondoi bila kujenga chumba ndani ya chumba, yaani kuta za pili zisizogusana na za kwanza, na kwa maoni yangu gharama hiyo haina maana kwa mtu anayetazama filamu mwishoni mwa wiki. Punguza besi ifikapo saa nne usiku. Amplifaya nyingi zina mpangilio wa usiku unaoshusha milipuko na kuyaacha maneno yasikike. Na jirani mwambie mapema, kabla hajaja kukugongea.

Mkazi_wa_Goba

Nimefanya jaribio la kiti, na kweli sauti inatoka juu. Je, nikiongeza tabaka mbili za jipsamu darini zitatosha? Dirisha nalo nifikirie kuliziba kabisa?

Fundi_Mtulivu

Dada wa Nyali amesema kweli kuhusu besi, nami sikuahidi vinginevyo; haya ninayoeleza yatazuia maneno, muziki na makelele ya kawaida.

Kuhusu dari, piga hesabu ya uzito kwanza. Jipsamu ya milimita 12.5 ina kilo 9 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo tabaka mbili juu ya mita 20 za mraba ni takribani kilo 360, na kenchi zako, yaani mbao zinazobeba paa, huenda hazikupangiwa mzigo huo. Mwambie fundi alaze mbao mpya zinazoegemea kuta pekee, zisiguse kenchi. Mtengano huo wenyewe utapunguza mtikisiko. Njia ya bei nafuu zaidi, kama ukuta wa watoto una msingi wake, ni kuupandisha kwa tofali hadi karibu na bati na kuziba nyufa zinazobaki.

Dirisha lizibe ikiwa tu umekwisha kupanga hewa itaingilia wapi. Kiyoyozi cha ukutani hupoza hewa ileile iliyomo ndani na hakileti mpya, na watu sita katika chumba kilichofungwa kwa saa mbili, pamoja na joto la projekta, wataanza kusinzia kabla filamu haijafika katikati. Weka bomba pana la hewa lenye kona mbili na upande wake wa ndani ulivikwe sponji. Hapo ndipo sponji ya fundi wako itakapokuwa na kazi.